Kuulea Mzeituni Mwitu wa Nyanda za Juu Uwe Bonsai

Mzeituni mwitu unaoota katika misitu mikavu ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania, kuanzia Ngong hadi miteremko ya Kilimanjaro na Meru, ni ndugu wa karibu mno wa mzeituni wa pwani za Mediterania, kiasi kwamba wataalamu wa mimea huuhesabu kuwa nususpishi ya Olea europaea, nao huuita cuspidata. Mti huo huo huota katika milima ya Jabal al Akhdar kule Oman, na huko Afrika Kusini ni miongoni mwa miti inayopendwa sana na wakuzaji wa bonsai, yaani miti inayolelewa vyunguni ibaki midogo huku ikiwa na sura ya mti mkubwa. Wakikuyu huuita mutamaiyu na Wamaasai oloirien, nao Wamaasai hutumia vijinga vya ukuni wake kusafishia vibuyu vya maziwa. Kwa mkuzaji wa bonsai, mti huu una sifa tatu ambazo ni nadra kukutana katika mti mmoja: ubao wake ni mgumu na hauozi upesi, hutoa machipukizi hata kwenye gome kuukuu, na hustahimili kukatwa sana mradi mizizi yake iwe na afya.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba mti ulio nao ndio wenyewe, kwa kuwa wapo wanaouzia watu mche wa loliondo, ambao ni Olea ya spishi nyingine yenye majani makubwa zaidi. Geuza jani uangalie upande wa chini. Mzeituni mwitu una jani jembamba, la kijani kilichoiva na kung'aa juu, na chini yake huwa na rangi ya udhahabu au hudhurungi kutokana na magamba madogo yaliyoshikamana na ngozi ya jani. Mzeituni wa Mediterania huwa na rangi ya fedha upande huo. Miti yote miwili hufaa kwa bonsai na hufuata njia zinazofanana, ingawa ule wa Mediterania huhitaji majira ya baridi ili utoe maua, na kwa hiyo mtu wa Mombasa au Dar es Salaam asiutarajie kuzaa.

Mti wa kuanzia unaweza kupatikana kwa njia kadhaa. Mche wa kitaluni ni rahisi kupata na hukuachia uhuru wa kuunda kila kitu mwenyewe, lakini shina lake hunenepa polepole sana. Mti mkongwe unaochimbwa mahali panapojengwa nyumba au barabara huja na shina lililokwisha kupinda na kupasuka kwa umri, nao ndio ninaoupendekeza kwa mwenye nafasi ya kuupata kihalali. Msituni usichimbe bila kibali, kwa sababu miti hiyo iko chini ya ulinzi wa Huduma ya Misitu Kenya na, kwa upande wa Tanzania, Wakala wa Huduma za Misitu. Njia ya tatu, ambayo wengi hawaijui, ni kipandikizi kikubwa: kipande cha tawi chenye unene wa sentimita 5 hadi 10, kilichokatwa mwanzoni mwa masika na kuzikwa wima katika changarawe yenye unyevu, kivulini. Kipande hicho huchipua majani kabla hakijaota mizizi, kwa kutumia akiba iliyomo ndani ya ubao wake, kwa hiyo kuona majani kusikufanye ukivute au ukihamishe. Kiache msimu mzima.

Kosa linaloharibu mizeituni mingi ni haraka ya kuuweka mti katika chungu kidogo na kuanza kuupunguza kila wiki, kwa kudhani kwamba kupogoa ndiko kunakotengeneza bonsai. Mti unaopogolewa kila mara hubaki mwembamba. Shina hunenepa kwa sababu kuna matawi marefu juu yake yanayoteremsha chakula, na kidonda hufunga kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo katika miaka ya mwanzo mzeituni unapaswa kukaa ardhini, au katika sanduku pana la mbao, na kuachiwa ukue bure. Acha hasa tawi moja la chini lirefuke hata lipite mita moja bila kuguswa. Hilo tuliite tawi la kunenepesha, kwa maana kazi yake ni kulitanua shina mahali lilipoota, na kazi hiyo ikiisha litakatwa. Vivyo hivyo kwa kilele: shina likifikia unene unaoutaka, likate juu ya chipukizi lililo chini, chipukizi hilo liwe shina jipya, nalo liachiwe likue mpaka litoshe kukatwa tena, kila kipande kikiwa kifupi kuliko kilichotangulia. Ndivyo shina linavyopata wembamba wa taratibu kutoka chini kwenda juu, pamoja na mipindo ambayo haionekani kulazimishwa.

Ukataji mkubwa wa kwanza uanze kwa kusoma kitako cha mti. Ondoa udongo wa juu mpaka uione mizizi inapoachana na shina, kisha uuzungushe mti taratibu na kutafuta upande ambao kitako ni kipana zaidi na mizizi imetawanyika vizuri. Upande huo ndio utakuwa uso wa mti. Halafu chunguza shina lenyewe. Mzeituni una tabia ambayo kila anayeushika anapaswa kuijua: utomvu hupanda kwa mikondo, mzizi wa upande mmoja ukilisha matawi yaliyo juu yake upande huo huo, na katika miti mikubwa mikondo hiyo huonekana kama misuli iliyotuna kwenye shina. Ukikata tawi kubwa na usiache hata chipukizi moja juu ya mkondo wake, ukanda wa gome ulio chini ya kidonda unaweza kufa hadi kwenye mzizi. Kwa hiyo, kabla ya kushika msumeno, fuata kwa kidole mkondo wa kila tawi unalotaka kuliondoa hadi chini, ujiulize kama uko tayari kuupoteza. Pale unapotaka mkondo ubaki hai, acha kijiti chenye machipukizi kwa msimu mmoja au miwili kabla ya kukata mpaka kwenye shina.

Baada ya kukatwa, mti wenye afya utajaa machipukizi, hasa kwenye kitako na kandokando ya vidonda. Usiyachague mapema. Yaache yote yakue kwa miezi kadhaa ili mizizi ipate nguvu, kisha ubakize yaliyo mahali panapofaa, ukianza na tawi la kwanza lililo karibu na theluthi ya urefu wa mti unaoukusudia. Miezi hiyo ikiisha, machipukizi ya kitako yaondolewe kabla ya mengine, kwa sababu hunyonya nguvu nyingi na kuyaacha ya juu yadhoofike.

Uundaji wa matawi unahitaji macho makali, kwani hapa mzeituni una mpangilio wake. Majani huota mawili mawili yakitazamana, na kila jozi hukaa kimsalaba juu ya jozi iliyoitangulia: kama fundo hili limetoa majani kulia na kushoto, fundo linalofuata litatoa juu na chini. Ukikata kitawi juu ya jozi ya kulia na kushoto, machipukizi mawili yatakayotoka yatatandaa ubavuni na kuunda tawi pana lililo bapa. Ukikata juu ya jozi ya juu na chini, utapata chipukizi moja lililosimama wima na jingine linaloning'inia, ambayo yote mawili yatakusumbua. Kwa hiyo, kitawi kikifikisha jozi 6 au 8 za majani na kuanza kukomaa, kirudishe kwenye jozi ya kwanza au ya pili, ukichagua ile iliyolala. Acha kama nusu sentimita ya kijiti juu ya fundo, kwa sababu ncha ya mzeituni hukauka kidogo baada ya kukatwa, na ukikata karibu mno macho ya machipukizi yenyewe yanaweza kufa. Pale ambapo matawi mawili mazito yanatazamana kwenye shina, ondoa moja, la sivyo patavimba fundo baya lisilofichika.

Waya uvishwe wakati kitawi kinapobadilika kutoka kijani kwenda kijivu, kikiwa hakijafikia unene wa penseli. Wakati huo hupinda bila shida. Baadaye ubao hukakamaa na tawi hupasuka pale linapoungana na shina. Waya wa alumini wenye unene wa karibu theluthi moja ya unene wa tawi hutosha. Uzungushe kwa mshazari wa nyuzi 45, mwanzo wake ukiwa umeshikwa imara kwenye shina au tawi jirani, na mpindo wa kwanza uuweke karibu na shina, kwa sababu tawi lililonyooka mwanzoni hubaki linaonekana changa hata likizeeka. Wakati wa mvua kagua waya kila wiki, kwa kuwa tawi hunenepa ghafla na waya huacha kovu. Ukifika wakati wa kuutoa, ukate vipande vipande kwa koleo badala ya kuufungua. Tawi nene livutwe kwa kamba ya waya iliyopitishwa ndani ya mpira, na kukazwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Kuhusu umbo, natofautiana na wale wanaoulazimisha mzeituni uwe msonobari, wenye matawi yaliyoinamishwa yote na pembetatu kali juu yake. Nenda ukautazame mzeituni mkongwe pembezoni mwa malisho: matawi yake huinuka kwanza, hutanuka, kisha ncha zake hushuka kidogo kwa uzito, na kichwa chake ni cha mviringo uliolegea chenye nafasi za kupitisha mwanga. Shina huwa fupi na nene, mara nyingi lenye pango. Umbo hilo ndilo linalostahili kufuatwa.

Sehemu kavu za shina zisifichwe, kwani kwa mzeituni ni jambo la asili. Vidonda vikubwa usivikate bapa. Viache virefu kidogo, usubiri mwaka mzima ubao ukauke na gome lililo hai lijionyeshe lilipoishia, ndipo uchonge kwa patasi ukifuata nyuzi za ubao na kulibakiza gome hai salama pembeni. Baada ya kuchonga, paka chokaa ya salfa, dawa ya maji inayohifadhi ubao mkavu na kuupausha, siku ya jua, ukifunika udongo na kuvaa glavu. Ukichanganya na unga kidogo wa mkaa, weupe wake mkali utageuka kijivu kinacholingana na miti kavu ya porini.

Chungu cha bonsai kije baada ya matawi makuu kuundwa. Chagua cha udongo wa kuchoma kisichong'aa, cha rangi ya kahawia au kijivu, chenye kina kinachokaribia unene wa kitako. Uhamishaji ufanywe machipukizi yanapoanza kuvimba, mvua za masika zikikaribia, na kamwe usifanywe katika baridi ya Juni na Julai ya nyanda za juu, kwa kuwa mizizi ya mzeituni huhitaji joto ili kupona. Punguza mizizi isiyozidi theluthi moja, funga mti kwa waya ili usitikisike, na uuweke kivulini wiki 2 au 3. Udongo uwe wa punje za milimita 3 hadi 6 zilizochekechwa, sehemu kubwa ikiwa pumisi, yaani mawe mepesi ya volkano, kama ile inayochimbwa karibu na Mlima Longonot, pamoja na mboji kidogo iliyooza vizuri. Mti mchanga huhamishwa kila baada ya miaka 2 au 3, na mkongwe hukaa zaidi.

Sifa ya kuvumilia ukame isikudanganye. Huo uvumilivu ni wa mti ulio ardhini wenye mizizi mirefu. Katika chungu kifupi jani la mzeituni, kwa kuwa ni gumu, halionyeshi kiu mapema, na likianza kujikunja mizizi midogo imekwisha kufa. Mwagilia uso wa udongo unapokauka, maji yatoke chini ya chungu, na mti uwe kwenye jua kamili. Samadi ya mbuzi iliyooza hutosha kama mbolea, ila usiiweke mwezi wa kwanza baada ya kuhamisha. Kagua chini ya majani kama kuna wadudu magamba na vidung'ata.

Matawi yakishakuwa mengi, na mti ukiwa na nguvu, unaweza kukata majani yote mwanzoni mwa msimu wa joto huku ukibakiza vikonyo, na majani yatakayorudi yatakuwa madogo na vitawi vitaongezeka. Anza na matawi yenye nguvu ya juu, uyaache ya chini na majani yake wiki mbili zaidi ili yasishindwe. Mti uliohamishwa chungu mwaka huo, au ulioshambuliwa na wadudu, majani yake yasiguswe mpaka msimu unaofuata.