Lisbon kwa siku tano na goti moja bovu

Mume wangu ana goti. Alilipata bandarini, miaka ile akiwa karani wa mizigo, kupanda na kushuka meli usiku na mchana, na tangu hapo akiona ngazi huzitazama kama mtu aliyekuja kumdai. Mimi magoti yangu mazima, ugonjwa wangu ni macho: duka la vigae silipiti. Tukaenda Lisbon, mji wa vilima saba, mwezi wa Mei, safari yetu ya kwanza bila watoto tangu tuoane. Tulirudi tungali tunasemeshana. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Karatasi niziseme upesi. Ureno imo Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja. Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, kwa hivyo msikae mkangoja. Tuliambatisha na cheti cha ndoa cha Kadhi pamoja na tafsiri yake, kwa sababu pesa zilikuwa kwenye akaunti ya mume wangu na mimi paspoti yangu ina jina la babangu. Hotelini mtadaiwa kodi ya mji, euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, hata kama chumba mmekwisha kukilipia. Usiku tano, watu wawili: euro 40 ambazo hatukuzipigia hesabu. Bebeni na plagi ya pini mbili za duara. Zetu za pini tatu huko hazina soketi.

Kutoka uwanja wa ndege ingieni metro, laini nyekundu, hakuna haja ya teksi. Kila mtu lazima awe na kadi yake. Sisi tulinunua moja tukadhani tutapishana, mimi nikapita, geti likajifunga, mume wangu akabaki ng'ambo na masanduku yote mawili.

Sasa vilima. Kanuni ni moja tu: pandeni kwa chombo, shukeni kwa miguu. Watu wengi huanzia bondeni, Baixa, wakaelekea ngomeni São Jorge kwa miguu, wakifika juu hawana hamu hata ya kutazama. Nyinyi nendeni mtaa wa Rua dos Fanqueiros. Katikati ya majumba pana mlango wa lifti ya umma, haina malipo, nayo inawatoa mtaa wa juu, Rua da Madalena. Vukeni kiwanja kidogo, mtaona jengo lenye supamaketi chini yake. Humo mna lifti ya pili, nayo bure, inawafikisha karibu kabisa na ngome. Upande wa pili wa bonde, kupanda mtaa wa Chiado, ingieni stesheni ya Baixa-Chiado kwa mlango wa Rua do Crucifixo, msipite kwenye mageti ya tiketi, fuateni ngazi za umeme tu mpaka mtokee juu kwenye uwanja wa mikahawa. Mume wangu alizipanda mara tatu siku moja, mara ya tatu hatukuwa na shughuli yoyote huko juu.

Tramu nambari 28, ile ya manjano ya miaka ya 1930 iliyomo kwenye kila picha ya Lisbon, tuliingoja Martim Moniz, inakoanzia, karibu saa nzima juani. Ilipofika tukasimama tumebanwa kama matatu ya saa kumi na mbili jioni, bila hata kuona dirisha. Kesho yake tukafanya akili. Tuliipandia mwisho wa pili wa njia, Campo de Ourique, asubuhi na mapema, tukapata kiti cha mbao na dirisha letu. Mkoba uwe mbele, kifuani. Wezi wa mifukoni wanaijua tramu hiyo kuliko madereva.

Shukeni Portas do Sol, halafu teremkeni polepole ndani ya mtaa wa kale wa Alfama. Viatu viwe raba zenye soli ya kushika, maana zile njia zimetandikwa vijiwe vyeupe vilivyosuguliwa na miguu ya watu, na pakinyesha ni sabuni. Jina Alfama ni la Kiarabu, na vichochoro vyenyewe havikunyooka hata kimoja. Nguo zimeanikwa dirisha kwa dirisha, bibi mmoja ameegemea mto dirishani anawasema wapita njia. Mume wangu alisimama akapumzisha goti, akazungusha macho, akasema, "Bibie, mbona tumerudi Kibokoni?" Yaani Mji wa Kale, kwetu Mombasa.

Jambo lililotuokoa ni kugawana siku. Asubuhi tulitembea pamoja, saa nane kila mtu akashika njia yake, saa kumi na mbili tukakutana "kwenye farasi", yaani chini ya sanamu ya mfalme José aliyepanda farasi pale Praça do Comércio, penye mto. Chagueni kitu kikubwa kisichohama, msichague mkahawa. Siku moja nilikaa saa tatu kwenye jumba la makumbusho la vigae, azulejo, peke yangu, bila mtu wa kunihemea mgongoni. Mna ukuta mmoja wa vigae wa kama mita 23 unaoonyesha mji wote ulivyokuwa kabla ya zilzala ya tarehe 1 Novemba 1755 kuuangusha. Mwenzangu saa hizo alikuwa benchini anahesabu meli.

Mtaa wa Belém, hata hivyo, nendeni wawili. Treni ya stesheni ya Cais do Sodré ni nyepesi kuliko tramu 15, na msiende Jumatatu, siku hiyo monasteri ya Jerónimos imefungwa. Kanisa halina malipo, tiketi ni ya ua wa ndani. Mkiingia tu, kushoto, kuna kaburi la Vasco da Gama: amechongwa kwa jiwe, amelala chali, viganja vimeunganishwa kifuani, na ubavuni mwa kaburi pana jahazi. Sisi watu wa Mombasa tuna habari naye. Alitia nanga kwetu tarehe 7 Aprili 1498, mambo hayakwenda vizuri, akasonga mbele hadi Malindi, na huko akapewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Mamangu ni wa Malindi. Kwa hivyo mume wangu alingoja watalii wasogee, akaninong'oneza, "Wajomba zako hao. Sisi tulikwisha kumfukuza, wao wakampa mtu wa kumwonyesha njia." Kisha akavitazama vile viganja muda mrefu. "Na sasa ndio anaomba," akasema.

Pale nje lilining'inia bango lenye neno igreja. Ndilo kanisa, na ndilo lililotuzalia neno gereza. Ngome yetu ya Fort Jesus waliijenga Wareno kuanzia 1593, na tangu 1895 hadi 1958 ikawa kweli jela. Kuanzia hapo tulicheza mchezo wa kuokota maneno waliyotuachia: mesa, bandeira, lenço, fronha. Aliyeshindwa ananunua vile vitobosha vya maziwa na mayai, pastel de nata, vinavyoliwa vya moto na mdalasini juu. Duka la Pastéis de Belém linavipika tangu 1837. Mkiona foleni ya kuchukua imejaa njiani, ingieni ndani mkae, vyumba ni vingi. Wakati wa kushukuru, mwanamume husema obrigado na mwanamke obrigada. Mume wangu aliniiga siku mbili nzima kabla muuza maji hajamcheka.

Chakula. Usiku wa kwanza, kabla hatujaagiza, tuliwekewa mkate, zeituni na jibini. Tukaona ukarimu ulioje, tukafuta sahani. Bili ilipokuja kila kitu kimeandikwa, hadi siagi. Huo ndio utaratibu wao: ukigusa umenunua. Kama hamtaki, waambieni waondoe, hawachukii. Kwa wasiokula nguruwe, shikeni maneno haya: porco, toucinho, chouriço (soseji), na hasa banha, mafuta yake, ambayo hujificha kwenye vitu vitamu. Hata supu ya sukuma, caldo verde, huelea kipande cha chouriço. Samaki ndio salama yenu, dagaa wakubwa wa kuchomwa na chumvi ya mawe. Nyama halali iko nyuma ya Martim Moniz, kwenye maduka ya Wabangladeshi. Na kuku wa piri-piri atawachekesha: jina ni letu wenyewe, pilipili, limepitia Msumbiji likafika huko.

Msikiti mkubwa uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985, na waumini wake wengi wana asili ya Msumbiji na Guinea-Bissau. Mei magharibi huingia karibu saa tatu usiku, kwa hivyo kama chakula chenu hungoja swala, kuleni kitu saa kumi na moja, la sivyo mtagombana bila sababu.

Jioni ya mwisho wekeni akiba kwa feri ya Cais do Sodré kwenda Cacilhas. Nauli ni ndogo, na kuvuka ni kama dakika kumi. Kaeni dirisha la kulia mnapokwenda, ndipo penye lile daraja refu jekundu la mwaka 1966 na jua likizama nyuma yake. Tulikaa kimya, miguu ya mume wangu imenyooshwa kwenye kiti cha mbele. Boti ilipoachia gati aligeuka nyuma, akatafuta, akageuka tena.

"Na magari," akaniuliza, "yanapandia wapi?"