Programu Imegoma Kuingia? Pitia Hapa Kabla Hujapiga Windows Upya

Kila wiki naletewa kompyuta ambayo mwenyewe ameshaikatia tamaa. "Fundi, programu imegoma kuingia. Wewe piga tu Windows upya." Mara nyingi sipigi. Nimeona watu wakipoteza picha za marehemu wazazi wao, hesabu za duka za miaka mitatu na tasnifu iliyobaki sura moja, kwa sababu tu fundi alifuta diski nzima ili aingize programu moja. Inaniuma, maana karibu kila mara tatizo lilikuwa dogo na lingeonekana ndani ya nusu saa.

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na 11. Fuata mpangilio wake kama ulivyo, kwa sababu hatua za mwanzo hazikugharimu kitu na ndizo zinazotatua mengi.

Hatua ya 1: Usibonyeze "OK". Piga picha kwanza

Ujumbe wa kosa ukitokea, watu wengi huufunga haraka kama wanaofukuza nzi. Ukishaufunga umepoteza shahidi wako. Chukua simu, piga picha ya kioo, namba zote zionekane. Namba hizo zina maana. 1618 ni kwamba kuna usakinishaji mwingine unaoendelea kwa nyuma: subiri umalizike, au zima kompyuta na kuiwasha tena, kisha jaribu. 1638 inasema toleo jingine la programu hiyo hiyo tayari limo, liondoe kwanza. 1619 ni kwamba Windows imeshindwa kufungua faili la usakinishaji, basi nenda hatua ya 2. Ukiona 1603, hiyo ni namba ya jumla, inakwambia tu kwamba kazi imekwama katikati. Kwa hiyo usipoteze muda kutafuta tiba moja ya 1603. Sababu zake ni nyingi, na nyingi kati ya hizo zimo humu chini.

Hatua ya 2: Kagua faili ulilopakua

Bando likikatika katikati, faili hubaki nusu na jina lake linaweza kuonekana zima. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", linganisha ukubwa na ule ulioandikwa kwenye tovuti ya watengenezaji. Kama tovuti imetoa ile safu ndefu ya herufi na namba iitwayo SHA256, fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt) na uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.exe SHA256

Safu itakayotokea ikitofautiana na ya kwenye tovuti hata kwa herufi moja, pakua upya.

Kama faili ni la zip, usiendeshe programu ukiwa bado ndani ya zip. Chagua "Extract All", ingia kwenye folda iliyotoka, ndipo uendeshe. Na kama umebeba faili kwa flashi, jua kwamba flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili lililozidi GB 4. Itakwambia faili ni kubwa mno hata kama flashi ni ya GB 64 na haina kitu. Hapo nakili vilivyomo, kisha fomati flashi kwa exFAT.

Hatua ya 3: Tazama tarehe

Hatua hii watu huiruka, nami nakusihi usiiruke. Mama mmoja mwenye duka la dawa aliniletea kompyuta ya mezani iliyotumika. Alikuwa ameshalipa mafundi wawili. Kila programu aliyojaribu kuiingiza kupitia intaneti ilikataa, na tovuti nyingi zilimwambia muunganisho si salama. Mafundi wote wawili walikuwa wamempigia Windows upya, na siku mbili baadaye tatizo likarudi. Nilitazama pembe ya chini kulia ya kioo: mwaka ulikuwa 2009.

Ipo sababu. Kompyuta inapozungumza na tovuti hukagua cheti cha usalama, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta iliyo mwaka 2009 huona cheti cha leo kama kitu ambacho bado hakijaanza kutumika, hivyo inakikataa. Saa ilikuwa inarudi nyuma kila umeme ukikatika, kwa sababu betri ndogo ya ubaoni ilikuwa imekufa. Betri hiyo ni bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032, yaani upana milimita 20 na unene milimita 3.2, na nguvu yake ni volti 3. Ndiyo inayotunza saa kompyuta ikiwa haina umeme. Niliibadilisha, nikasahihisha tarehe, programu zikaingia siku hiyo hiyo.

Kwako: fungua "Settings", kisha "Time & language", washa "Set time automatically" na uhakikishe saa za eneo ni za mahali ulipo. Tarehe ikirudi nyuma tena baada ya kuchomoa waya, badilisha betri. Kwenye laptop betri hiyo huwa ndani zaidi, wakati mwingine imeunganishwa kwa nyaya, hivyo mwachie fundi.

Hatua ya 4: Je, kompyuta yako na programu hiyo vinaendana?

Nenda "Settings", "System", "About", usome mstari wa "System type". Windows ya biti 64 hupokea programu za biti 64 na za biti 32. Ya biti 32 haipokei za biti 64 hata ufanye nini. Ukiona maneno "This app can't run on your PC", anza kutazama hapa. Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo shida hii huipata zaidi kwenye mashine za zamani.

Kama mstari wa toleo la Windows unasema "S mode", kompyuta inakubali programu za Microsoft Store tu. Kutoka humo ni bure, ila ukishatoka huwezi kurudi tena.

Na kama bado uko Windows 7, toleo la mwisho la Chrome linaloingia humo ni la 109. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Programu mpya zinaendelea kuziacha nyuma moja moja.

Hatua ya 5: Nafasi

Programu nyingi hujifungua kwanza kwenye folda ya muda iliyo diski C, ndipo zijipange. Kwa hiyo hata ukichagua iingie diski D, C ikijaa itakwama. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %temp%, futa vinavyofutika. Vinavyokataa viache, vinatumika.

Hatua ya 6: Ruhusa na antivairasi

Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator". Kama kompyuta ni ya ofisi na inakuomba nywila usiyoijua, mtafute msimamizi wake. Usitafute njia ya kuizunguka.

Ukiamini antivairasi imezuia, fungua "Windows Security" na utazame "Protection history". Kama faili limetoka moja kwa moja kwa watengenezaji, unaweza kuliruhusu. Lakini kama ni programu iliyovunjwa kufuli, yenye maelezo yanayosema "zima antivairasi kwanza", simama hapo hapo. Nimesafisha mashine nyingi zilizoingia virusi kupitia mlango huo, na baadhi yake nyaraka hazikuokoka. Kwa kuandika barua na kupiga hesabu, LibreOffice ni ya bure na ya halali.

Hatua ya 7: Sehemu zinazokosekana

Ujumbe ukitaja VCRUNTIME140.dll au MSVCP140.dll, yaani faili za msaada ambazo programu nyingi huzitegemea, usiende kwenye tovuti zinazogawa faili moja moja za dll. Nenda tovuti ya Microsoft, pakua kifurushi cha Visual C++ Redistributable. Kwenye Windows ya biti 64 weka vyote viwili, x86 (cha biti 32) na x64 (cha biti 64), kwa sababu programu ya biti 32 hutafuta cha kwake.

Programu za zamani za uhasibu mara nyingi hudai .NET Framework 3.5. Andika "Turn Windows features on or off" kwenye kisanduku cha kutafutia, weka tiki yake, uwe na intaneti.

Hatua ya 8: Windows yenyewe ikiwa na kasoro

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uendeshe hizi mbili kwa mpangilio huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ya kwanza hurekebisha ghala ambalo ya pili huchukulia faili zake. Inahitaji intaneti, na inaweza kuonekana imeganda kwenye asilimia fulani. Ivumilie.

Hatua ya 9: Soma kumbukumbu ya usakinishaji

Kama faili lako linaishia na .msi, kwenye dirisha hilo hilo andika hivi, ukiweka mahali na jina la faili lako:

msiexec /i "C:\Users\Public\programu.msi" /l*v "C:\Users\Public\kumbukumbu.txt"

Ikishagoma, fungua faili la maandishi lililozaliwa, bonyeza Ctrl na F, utafute "value 3". Hapo ndipo kazi ilipokatikia. Soma mistari kumi au ishirini iliyo juu yake. Mara ya mwisho nilipofanya hivi, kwa mwalimu aliyehangaika na 1603 wiki nzima, mstari wa juu ulitaja folda ya toleo la zamani na maneno "Access is denied". Tuliipa akaunti yake ruhusa kwenye folda ile, tukaihamisha folda hiyo kwenye flashi pamoja na data zake, tukawasha kompyuta upya. Programu iliingia kwa dakika nne, na alama za wanafunzi wake zote zilikuwepo.