Jinsi ya kudai treni bora vitongojini Nairobi

Githurai, Kahawa, Ruiru, Kikuyu, Embakasi na Syokimau zina reli tayari. Shida kubwa ni treni inayopita saa ambayo mtu hawezi kuipanda, barabara ya stesheni inayogeuka matope mvua ikinyesha, giza kati ya jukwaa na stendi, na kukosekana kwa matatu inayongoja abiria wakishuka jioni. Yote haya yanadaika, na baadhi yake hayahitaji hata tenda. Kampeni nyingi huanguka kwa sababu mbili: zinadai kila kitu kwa barua moja, kisha barua hiyo inapelekwa kwa ofisi isiyo na uwezo wa kutenda.

Kwanza jueni lango ni la nani

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali ya kitaifa kazi ya reli. Ratiba, mabehewa, nauli, jukwaa, vyoo vya stesheni na ua wake ni vya Kenya Railways, shirika lililo chini ya wizara ya uchukuzi. Mkitoka nje ya lango mambo hubadilika: barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani ni kazi ya kaunti. Barabara nyingine za mjini ziko chini ya KURA, mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini, kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, ulizeni ofisi ya wadi au mhandisi wa kaunti barabara ya stesheni yenu imeandikishwa kwa nani. Mpewe jibu kwa maandishi.

Angalieni pia mipaka. Ruiru na Kikuyu ziko Kiambu, Syokimau iko Machakos. Githurai imekatwa katikati: 44 ni Nairobi, 45 ni Kiambu. Kikundi cha Githurai kinachoomba taa za barabarani kwa gavana mmoja tu hupata taa za nusu ya njia. NaMATA, mamlaka ya uchukuzi iliyoundwa mwaka 2017 kwa ajili ya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, ipewe nakala ya kila barua, lakini msiitarajie ipake rangi kivuko. MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, hawezi kubadilisha saa ya treni, ila anaweza kuingiza barabara yenu katika bajeti ya wadi, na hilo ni jambo kubwa.

Hesabuni kabla hamjadai

Ofisa akisoma kwamba "wananchi wanateseka" hana la kufanya. Mkimwonyesha kwamba watu 140 walibaki jukwaani Jumanne, ana jambo la kupeleka kwa mkubwa wake. Hesabu nzuri haihitaji pesa nyingi: watu sita, kalamu, ubao wa kuandikia na saa zilizolinganishwa asubuhi hiyo hiyo.

Hesabuni siku tatu mfululizo, Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu na Ijumaa huwa na idadi ya abiria isiyo ya kawaida. Epukeni likizo za shule, wiki yenye sikukuu na siku za mwisho wa mwezi. Kila mtu asimamie mlango mmoja au miwili ya treni, kwa sababu anayejaribu kuhesabu behewa zima peke yake hukisia. Fomu iwe na safu hizi: saa ya ratiba, saa ambayo treni ilifika, saa ilipoondoka, waliopanda, walioshuka, waliobaki jukwaani. Saa ziandikwe kwa mtindo wa saa 24, yaani 06:45. Mtu mmoja akiandika 12:45 kwa hesabu ya Kiswahili na mwingine 6:45 kwa hesabu ya simu, karatasi zenu hazitaunganika, na atakayezipinga ataanzia hapo hapo.

Mwombeni msimamizi wa stesheni ruhusa kwa barua, siku kadhaa kabla. Msipige picha za vifaa vya ishara wala za wafanyakazi bila idhini, na asisimame mtu yeyote juu ya njia ya reli.

Hesabu ya pili, ambayo wengi huisahau, ni ya nje ya lango. Simamisheni watu wawili hapo waandike kila anayetoka ameendelea kwa miguu, kwa bodaboda, kwa matatu au kwa gari la kumchukua. Halafu tembeeni kila njia inayoingia stesheni hadi umbali wa mita 800, ambao ni kama dakika kumi za mguu. Pimeni kwa utepe upana wa njia pale inapobana, hesabuni mitaro isiyo na vifuniko, mrudi baada ya saa moja usiku kuhesabu taa zinazowaka na zilizokufa. Kila nguzo ipewe nambari kwenye mchoro wenu. Ombi la "taa nguzo ya 4, 7 na 9 kati ya stesheni na soko" ni kazi ya fundi mmoja mwenye gari la ngazi. Ombi la "mwangaza Githurai" ni mradi wa miaka mitatu.

Mwisho pimeni muda wa mlango hadi mlango. Watu watano waondoke mahali pamoja, wengine kwa treni, wengine kwa matatu, wote wakielekea sehemu moja mjini. Muda wa kutembea na kungoja uingizwe. Treni ikishindwa, mtaona imepoteza dakika wapi, na mara nyingi hazipotei relini.

Dai moja, linalowezekana

Reli ya zamani inayobeba treni nyingi za abiria wa Nairobi ina upana wa mita moja, na sehemu kubwa ni njia moja tu. Treni mbili zinazokutana lazima zipishane penye njia ya kando. Ikiwa kutoka kituo kimoja cha kupishana hadi kinachofuata ni dakika 20, treni ikienda na nyingine ikirudi zimekula dakika 40, na bado hamjaongeza muda wa kupewa ruhusa ya kuingia njiani. Hapo treni kila robo saa haiwezekani hata mkurugenzi akitaka. Mkiidai, barua yenu itawekwa kando na yeyote anayejua kazi.

Hata behewa la ziada lina mipaka yake: urefu wa jukwaa, urefu wa njia ya kupishana na nguvu ya injini. Ulizeni vipimo hivyo vitatu kabla ya kudai.

Wakazi wa Ngong na Ongata Rongai wana tatizo la aina nyingine. SGR, yaani reli mpya pana, iliyofika kwao mwaka 2019 ina upana wa milimita 1,435, na Stesheni Kuu ya mjini ni ya reli ya milimita 1,000. Treni ya kwao haiwezi kuingia hapo moja kwa moja, hata kwa maandamano. Dai lao lenye nguvu ni ratiba zinazosubiriana pale abiria anapobadilisha treni, tiketi moja kwa safari nzima, na matatu ya kuwafikisha stesheni.

Kwa hiyo pangeni madai kwa gharama. Kusogeza saa ya kuondoka kwa dakika 15 ili wanaotoka kazini saa kumi na moja waiwahi hakugharimu saruji. Kutangaza ucheleweshaji kwa ujumbe wa simu ni nafuu. Taa, vifuniko vya mitaro na kivuko vinahitaji bajeti ya mwaka. Safari ya pili jioni au huduma ya Jumamosi inahitaji wafanyakazi, mafuta na nafasi njiani. Njia mpya ya kupishana ni mradi wa mabilioni. Anzeni na la kwanza au la pili. Mkishinda dogo, mnakuwa watu ambao ofisi imeshawahi kuwajibu.

Barua na haki ya kupata habari

Kabla ya barua ya dai, tumeni ombi la habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, halilipiwi, na shirika lina siku 21 za kujibu. Linaweza kujiongezea 14, mara moja tu. Likisema habari iko ofisi nyingine, linapaswa kulihamishia huko ndani ya siku tano. Likinyamaza au likikataa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman, ndani ya siku 30.

Ulizeni mambo machache yaliyo wazi: saa ambazo treni fulani ilifika kila siku ya mwezi fulani, tiketi zilizouzwa stesheni hiyo, mabehewa yaliyopangwa na yaliyotumika, urefu wa jukwaa kwa mita. Msiombe "taarifa zote kuhusu stesheni". Mtajibiwa kwamba ombi halieleweki, na siku 21 zimeenda.

Kisha barua, ukurasa mmoja, jedwali la hesabu likifuata nyuma. Kiini chake kiwe kama hiki:

"Tunaomba treni ya jioni inayoondoka Stesheni Kuu saa 17:15 iondoke saa 17:30 kuanzia ratiba ijayo. Katika siku tatu tulizohesabu, watu 96 kwa wastani walifika jukwaani ndani ya dakika 15 baada ya treni kuondoka. Kama kuna sababu ya kiufundi inayozuia, tunaomba ielezwe kwa maandishi. Tunaomba jibu kufikia tarehe 14."

Saa na takwimu hapo ni za mfano, wekeni zenu. Sentensi ya kuomba sababu ya kiufundi isikosekane. Jibu la "haiwezekani kwa sababu treni ya mizigo huwa njiani saa hiyo" limewapa kitu cha kujadili, wakati "tutalishughulikia" halina pa kushika. Pelekeni nakala mbili kwa mkono, moja ipigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na irudi nanyi. Bila mhuri huo, mtakapofika Bungeni hamna ushahidi kwamba mliwahi kuandika.

Ombi Bungeni

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Sheria ya mwaka 2012 inaeleza sura yake, na maombi mengi hukwama kwenye sura, wala si kwenye hoja. Liwe kwa Kiswahili au Kiingereza, lisiwe na maneno yaliyofutwa au kuandikiwa juu. Mada itajwe kwenye kila ukurasa. Lieleze kama mlijaribu kupata suluhu kwa ofisi husika na mlijibiwa nini (mhuri wenu unafanya kazi hapa), na kama jambo hilo liko mahakamani. Limalizike kwa kueleza wazi, kwa heshima, mnachotaka Bunge lifanye.

Saini ndizo zinazoharibu zaidi. Kila mwombaji anahitaji jina, anwani, nambari ya kitambulisho, na saini au alama ya kidole iliyowekwa moja kwa moja kwenye ombi. Saini zilizokatwa na kubandikwa hazikubaliki, wala orodha ya majina ya WhatsApp. Chapisheni fomu zenye kichwa cha ombi juu ya kila karatasi kabla ya kuzisambaza. Na kwa kuwa zina nambari za vitambulisho, zikae kwa mtu mmoja, kabatini penye kufuli. Kuzipiga picha na kuzituma kwenye kikundi ni kuwaweka majirani zenu hatarini.

Tarehe za bajeti

Barua ikifika Mei imechelewa, hata iwe nzuri vipi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Taarifa ya sera ya bajeti ya kitaifa hufika Bungeni kufikia 15 Februari, ile ya kaunti hufika bunge la kaunti kufikia 28 Februari, na makadirio yote kufikia 30 Aprili. Kwa hiyo hesabuni watu mwezi wa Septemba au Oktoba, mwandike Novemba, mjitokeze kwenye vikao vya ushiriki wa umma mkiwa na karatasi mkononi.

Kwa kaunti kuna tarehe ya mapema zaidi. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia 1 Septemba, na sheria hairuhusu kaunti kutenga fedha nje ya mipango yake. Barabara ya stesheni isipokuwa ndani ya mpango wa miaka mitano, CIDP, na ule wa mwaka, mtaambiwa kwa haki kabisa kwamba mikono imefungwa. Tafuteni ukurasa na mstari wake, muutaje kwenye barua.

Watu wa kuzungumza nao mapema

Madereva na viongozi wa sako za matatu huiona treni kama mwizi wa abiria. Nendeni kwao na ile hesabu ya nje ya lango: watu 300 wanaoshuka kwa pamoja saa kumi na mbili na nusu jioni ni biashara. Sako inayotaka kuhudumia stesheni itahitaji leseni ya njia hiyo kutoka NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, na mahali pa kusimama panapokubaliwa na kaunti, na barua yenu ya kuunga mkono husaidia kote kuwili.

Wachuuzi na wakazi walio kwenye hifadhi ya reli wana hofu ya kweli. Dai la "kusafisha stesheni" linaweza kugeuzwa kuwa sababu ya kuwabomolea vibanda. Kibera na Mukuru ilibidi kuwe na mpango maalumu wa kuwahamisha watu kabla ya kazi ya reli kufanyika. Waingizeni kwenye kamati tangu mkutano wa kwanza, na barua iseme waziwazi kwamba mnadai njia ya mguu ya upana fulani pamoja na nafasi ya kufanyia biashara.

Mkiamua kuandamana, Sheria ya Utengamano wa Umma (Public Order Act) inataka notisi kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla, na shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Jumuisheni jina la mwandalizi, mahali na njia mtakayopita. Msikusanyike kwenye kivuko cha reli wala jukwaani.

Dai likikubaliwa, hesabuni tena baada ya wiki sita, siku zile zile tatu, kwa fomu ile ile. Treni iliyosogezwa ikiwa bado na viti vitupu, tafuteni sababu kabla shirika halijaitafuta: huenda matatu ya mwisho ya kutoka stesheni huondoka dakika tano kabla treni haijafika, na dai lenu linalofuata ndilo hilo.