Somo: Kupanga Kazi ya Visu Pale Wakusanyaji Wanapozidi Mikono Yako

Wahunzi wenzangu, somo hili ni la yule anayefanya kazi peke yake au na msaidizi mmoja, visu vyake vimeanza kusakwa na wakusanyaji, yaani watu wanaonunua visu vizuri ili kuvihifadhi, na kila siku anaulizwa "changu lini?" Fundi mdogo haangushwi na wingi wa wateja. Huangushwa na ahadi alizotoa kabla hajajua mikono yake inaweza kutoa nini. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya hilo.

Hatua ya 1: Jua unatoa visu vingapi

Hesabu visu vilivyokamilika, vyenye mpini, makali na ala, vilivyotoka karakana. Vipande vilivyokatwa umbo vikaning'inizwa ukutani visikudanganye. Kwa miezi kadhaa andika kwenye daftari kila kazi imekula saa ngapi.

Wengi hudhani kazi ya moto ndiyo inayochelewesha. Hapana. Tanuri likishapata joto, visu kadhaa vya feleji ya aina moja hupita kwa pamoja: feleji ya kaboni kama ile ya daraja la 1095 hupashwa hadi karibu nyuzi 800 za Selsiasi, huzimwa kwenye mafuta, kisha hurudishwa kwenye joto la nyuzi 200 hivi ili isivunjike ovyo. Saa zinaliwa na msasa. Unaanza na namba 120, unapanda 220, 400, 600, ukisugua kufuata urefu wa ubapa. Mkwaruzo mmoja wa 220 uliojificha karibu na mpini hauonekani mpaka ufike 600 na mwanga uupige kwa pembeni. Hapo huna njia, unarudi namba mbili nyuma na kuanza upya. Na mkusanyaji akikishika kisu, jicho lake huenda hapohapo.

Ukitaka kuharakisha kwa mashine, kumbuka makali membamba hupata joto upesi. Ukiona ncha imegeuka buluu, joto limefika karibu nyuzi 300, ugumu umeshapungua, na kuifuta rangi kwa msasa hakurudishi ugumu. Kisu hicho kitapendeza kabatini na kitashindwa kazi. Kwa hiyo usikubali mteja akusukume kwenye hatua hii hata akiwa rafiki.

Toa pia nafasi ya kisu cha kuvunjwa kila unapopokea feleji mpya. Kivunje, tazama ndani. Ukiona punje laini za kijivu, moto wako ni sawa. Ukiona chembe kubwa zinazometameta kama sukari, joto lilizidi, na visu vilivyopita tanurini pamoja nacho vinahitaji kupimwa kabla ya kwenda kwa yeyote.

Japani mfua panga mwenye leseni haruhusiwi kutengeneza zaidi ya panga ndefu mbili kwa mwezi. Kwao sheria imeweka kikomo. Wewe utajiwekea mwenyewe. Kiweke chini kidogo ya uwezo wako, maana kuna wiki ya homa na wiki ya mota kuungua.

Hatua ya 2: Gawa mwaka kabla wateja hawajaugawa

Ushauri wangu: nusu ya uwezo iende kwa walio kwenye foleni, robo kwa visu ulivyobuni mwenyewe bila kuagizwa, na robo iwe ya kunoa na kutengeneza visu vinavyorudi, pamoja na majaribio. Robo ya visu ulivyobuni mwenyewe ndiyo watu huila kwanza wakibanwa, nami naisikitikia kuliko zote. Wakusanyaji walikufuata kwa sababu ya jicho lako. Ukitengeneza oda tupu kwa miaka, jicho hilo linakufa.

Hatua ya 3: Chagua njia ya kuuza, na uitangaze

Foleni ni njia ya haki na inaeleweka. Karakana ya visu ya Randall huko Orlando, Florida, Marekani, imekuwa na wateja waliosubiri kwa miaka, na bado walijiandikisha, kwa kuwa walijua utaratibu. Ubaya wake ni kwamba unajifunga kwa bei na miundo ya leo.

Kura hufaa zaidi pale kisu ni kimoja na watu ni wengi. Kwenye maonyesho ya visu kila anayetaka hutumbukiza jina lake kisandukuni, na jina linalotoka ndilo linalopata nafasi ya kununua. Hakuna anayeweza kusema umependelea.

Mnada humpa fundi bei halisi ya soko. Bob Kramer wa Marekani, anayejulikana kwa visu vya jikoni, ameuza visu vyake kwa njia hiyo. Mimi naupenda mnada kwa visu vichache tu vya kipekee. Ukiuza kila kitu mnadani, mtumiaji wa kawaida aliyekulea tangu mwanzo hatakipata kisu chako tena.

Hatua ya 4: Arbuni

Usichukue, isipokuwa mteja ametaka kitu ambacho hakuna mwingine atakinunua, kama jina lake kwenye ubapa au mti adimu wa mpini. Hata hapo, chukua gharama ya hicho kitu tu na uiweke kando. Fundi anayetumia arbuni ya leo kununua feleji ya oda ya mwaka jana ameshaingia shimoni, na kila oda mpya inalichimba zaidi.

Hatua ya 5: Bei

Foleni ikiendelea kurefuka, pandisha bei kidogo kidogo, kwa oda mpya tu. Aliyekwisha kuambiwa bei alipe ileile.

Hatua ya 6: Tunza neno na alama

Ukisema toleo ni visu 20, viwe 20 milele. Weka daftari la kila kisu: namba, feleji, tarehe ya kutiwa moto, ugumu, mti wa mpini. Alama unazogonga kwenye ubapa zitasomwa baada yako. Visu vya Bob Loveless, fundi wa visu wa Marekani aliyefariki 2010, wakusanyaji hukadiria kipindi chake kwa kutazama alama, kwa kuwa aliibadilisha kadiri alivyohama. Kwa hiyo ukibadilisha yako, andika ulibadilisha lini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, kuna mtu ananunua kila toleo na kesho yake analiuza kwa bei maradufu. Nimfungie?

Jibu: Kisu alichonunua ni mali yake. Weka kanuni ya kisu kimoja kwa mtu kwa kila toleo, na ukipiga kura mtangulize asiyewahi kupata. Kama bei ya mlanguzi inabaki juu miezi mingi mfululizo, basi ya kwako iko chini. Ikipanda wiki moja na kushuka, usiifuate.

Swali: Mkusanyaji mkubwa anataka kulipa zaidi ili aruke foleni. Nahitaji hela kweli.

Jibu: Pole, najua inavyobana. Lakini wakusanyaji wanafahamiana, na habari itafika kwa uliyemruka. Mwambie ukweli kwamba foleni haiuzwi, ila utapeleka kisu mnadani mwezi fulani, ashindane hapo. Mara nyingi atatoa kiasi kilekile, na hakuna utakayekuwa umemdhulumu.

Swali: Nikiajiri kijana wa kusaga, bado naweza kuandika "kazi ya mkono wangu"?

Jibu: Akikusagia umbo la awali au akikushonea ala, sema hivyo wazi, wengi hawana shida nalo. Hata kazi ya moto mafundi wengi huipeleka kwa wataalamu. Kinachovunja heshima ni kuficha. Na ukiuza kwa jina la kisu cha mkono mmoja, kiwe cha mkono mmoja kuanzia feleji mpaka ala.

Swali: Mwalimu, mimi nimeshachelewa. Nina oda nyingi, wengine walilipa, na sijui pa kuanzia.

Jibu: Leo funga kupokea oda, na utangaze. Kisha mwandikie kila mmoja, aliyelipa kwanza, umpe mwezi ambao daftari lako linaruhusu, si ule anaoutaka. Mpe na nafasi ya kurudishiwa pesa. Wachache watatoka, hasa ukiwaandikia kabla hawajakutafuta. Anza na visu vilivyokwisha kutiwa moto, umalize vinne au vitano vitoke nje. Na ukimaliza kimoja tuma picha kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Usikate feleji mpya hata kipande mpaka hivyo viishe.