Mfupa Mpya Ukivunjika Kabla Haujakomaa

Katika kurefusha mguu, tunakata mfupa na kuuachanisha polepole kwa vyuma vya nje (pete, pini zinazoingia mfupani na nati) ili mfupa mpya ujaze pengo. Siku ninayoiogopa ni ile ya kutoa vyuma hivyo. Mgonjwa amevichoka, familia inashangilia, na njia zetu za Goma ni mawe ya lava. Kijana mmoja aliteleza siku ya tisa baada ya kuvitoa, mfupa mpya ukavunjika. Mama yake alimleta mguu umefungwa kitenge na vipande viwili vya mbao za sanduku, bila kuunyoosha. Alifanya sawasawa kabisa.

Hatua ya 1. Usivute. Gusa vidole: vina joto? Vinacheza? Tafuta mapigo ya damu upande wa juu wa wayo. Funga banzi kutoka juu ya goti hadi kwenye unyayo, vidole vibaki wazi. Mpe dawa ya maumivu kabla ya radio (picha ya eksirei).

Hatua ya 2. Piga radio mbili, ya mbele na ya ubavuni, goti na kifundo vyote vionekane. Linganisha na picha za zamani: je, urefu umepungua? Umevunjika kwenye mfupa mpya, pale unapoungana na ule wa zamani, au kwenye tundu la pini? Angalia pia paja juu ya goti, hasa kama kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) alikunja goti kwa nguvu. Mfupa uliokaa miezi bila kubeba uzito huwa mwembamba.

Hatua ya 3. Vyuma vikiwa bado mguuni, acha kuzungusha nati, kisha mpasuaji anyooshe na kuongeza pini au pete. Vikiwa vimeshatoka na mfupa haujahama, plasta inatosha, bila kukanyaga. Rudia radio kila wiki mwanzoni, maana mfupa hupinda ndani ya plasta. Ukihama au kufupika, ni vyuma tena, au msumari wa ndani (fimbo ya chuma inayopita katikati ya mfupa). Msumari nauogopa pale tundu lolote lilipowahi kutoa usaha, kwa sababu maambukizi yanaweza kusambaa mfupa mzima. Kijana wetu alikuwa na tundu la hivyo.

“Docta, vyuma vile vile tena?” mama aliuliza. Nilimwekea picha mbili dirishani, aone mwenyewe sentimita mbili zilizopotea.

Hatua ya 4. Safari hii usiharakishe. Refusha milimita 1 kwa siku, robo robo mara nne, kama alivyofundisha Ilizarov, mpasuaji wa Urusi ya Kisovieti aliyebuni njia hii. Usitoe vyuma kabla kuta 3 kati ya 4 za mfupa mpya (mbili kwa kila picha) hazijaonekana kwenye radio. Hata hapo, legeza nati kwanza, atembee nazo wiki kadhaa, upige picha nyingine. Akisikia maumivu au mfupa ukianza kupinda, kaza siku hiyo hiyo.