Msandali: kutambua mti dume na jike, na kuchavusha kwa mkono

Msandali wa Afrika Mashariki (Osyris lanceolata) huwa na miti dume na miti jike, kila jinsia kwenye mti wake. Kwa hiyo kilima kinaweza kubaki na misandali mingi na bado kisipate mche, kwa kuwa jinsia moja imekwisha. Mafuta yanayotafutwa yako kwenye mizizi na kiini cha shina, ndiyo maana wavunaji huung'oa mti mzima. Kenya ilipiga marufuku uvunaji huo mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali ukaingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Ukitaka kuurudisha, anza na maua. Kibali cha mwenye ardhi au msitu kiwe mkononi kabla ya kugusa tawi.

1. Tambua jinsia. Maua ni madogo mno, milimita chache tu, ya kijani-manjano, kwapani mwa majani. Ya kiume hukaa vishada. Ya kike huwa moja moja au machache pamoja. Tumia lenzi ya mara 10. Ua jike lina uvimbe wa ovari (panapotokea tunda) chini ya petali, na stigma (sehemu inayopokea chavua, yaani unga wa kiume) yenye ncha 3 katikati. Hapa ndipo wengi hukosea: ua jike nalo lina vistameni (viungo vya kiume), ila ni tasa. Viguse kwa ncha ya pini nyeusi. Ikitoka na unga wa manjano, ni dume.

2. Weka alama. Funga kibao chenye namba, andika jinsia, kisha pima umbali kutoka kila jike hadi dume la karibu.

3. Andaa matawi manne kwenye kila jike, yawe na machipukizi ya maua yasiyofunguka. Ondoa maua yaliyokwisha kufunguka na matunda, kisha hesabu machipukizi. 30 kwa tawi yanatosha.
A: lifunike tu.
B: lifunike, kisha lichavushe kwa mkono.
C: liache wazi.
D: liache wazi na uliongezee chavua.
Funika kwa kitambaa cha neti laini. Plastiki hutoa jasho, maua yakaoza na kudondoka. Paka grisi juu ya utepe shinani mwa tawi, la sivyo sisimizi wataingia.

4. Chavusha. Umande ukikauka, chuma maua dume yaliyofunguka asubuhi hiyo, kutoka madume 3 au zaidi. Yabebe kwenye bahasha ya karatasi. Gusisha stameni kwenye stigma inayong'aa. Iliyogeuka kahawia imepitwa na wakati. Rudia kila siku kwa maua mapya.

5. Soma matokeo. D ikizaa kuliko C, chavua haifiki: madume ni machache au wadudu wamepungua. B na D zikishindwa zote, shuku chavua iliyokufa au ukame kabla ya kuulaumu mti. A ikizaa, kagua kwanza kama neti imetoboka.

Chuma tunda likishaiva na kuwa jekundu au la zambarau. Usiondoe neti kabla ya hapo, ndege huwahi. Osha nyama yote, kausha mbegu kivulini, panda mapema. Kila mche upate mmea jirani wa kunyonya kwa mizizi, kama Dodonaea viscosa au Rhus natalensis, maana msandali ni kimelea nusu: una majani yake ya kijani, ila hunyonya pia mizizi ya mimea mingine.

Jinsia ya mche wa mbegu haijulikani hadi uchanue, hivyo panda mingi kwa makundi. Palipokosekana dume, jaribu kuotesha tawi la dume la jirani: litabeba jinsia ya mti lilikotoka.