Kabla ya Kupulizia Nzi Weupe, Geuza Jani Kwanza

Mpera ukianza kuota unga mweupe chini ya majani, huenda wa nzi weupe (wadudu wadogo wenye nta, kwa Kiingereza whiteflies), wengi wetu huku Busia na Ahero tunakimbilia agroveti. Ukifika pale na kusema tu "vidudu vyeupe", utauziwa chochote kilichopo rafuni.

Toka mapema, kungali baridi, maana nzi weupe huwa wazito kuruka. Beba rula, simu yenye kamera nzuri na bahasha ya karatasi. Nzi mweupe wa kawaida wa mihogo na nyanya ana urefu wa takriban milimita 1. Ukimwona wa milimita 2 hivi, tafuta mayai yake: hutagwa katika mistari ya nta inayojizungusha kama alama ya kidole gumba. Huyo ni Aleurodicus dispersus, mwenye asili ya Karibi na Amerika ya Kati. Mkubwa zaidi ni Aleurodicus dugesii wa Meksiko, aliyeonekana California kwa mara ya kwanza mwaka 1992. Anakaribia milimita 5, na makinda yake hutoa nyuzi ndefu za nta zinazoning'inia chini ya jani. Ukikuta nyuzi za namna hiyo, usimpelekee jirani mche wala kipande cha tawi. Piga picha, kisha mwite afisa wa kilimo wa wadi au watu wa KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea.

Anayechanganya zaidi ni kidung'ata (mealybug), kwa kuwa naye amejipaka nta. Mguse kwa kijiti: nzi mpevu ataruka, kidung'ata atajikokota tu. Lakini makinda ya nzi pia hayaruki, yamejibandika jani kama magamba, kwa hiyo usihukumu kabla hujawaona wapevu. Utomvu unaonata, masizi meusi na sisimizi wanaopanda mti havikusaidii kitu hapo. Vidukari nao huleta hayo yote.

Wala usidhani mkubwa ndiye mbaya. Kwenye muhogo, yule mdogo wa milimita 1 ndiye msambazaji mashuhuri wa magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia.

Mwisho, angalia maganda matupu kwa lenzi. Nzi akitoka mwenyewe huacha mpasuko wenye umbo la T. Tundu la mviringo safi linaonyesha kuwa nyigu mdogo alimla akiwa ndani. Matundu ya mviringo yakiwa mengi, bomba la dawa libaki stoo.